Siku Nilipomshukuru Mungu kwa Mke Nisiyekuwa Naye

Jamani, nianze kwa kukiri: mpaka leo nikimwona mtu wa kanisa letu pale mtaa wa Bertrams anakuja upande wangu, nageukia dirisha la duka lolote lililo karibu, hata likiwa la matairi, nasimama nayaangalia matairi kama mtu mwenye gari (sina hata baiskeli) mpaka apite. Na sina wa kumlaumu, nilijitakia mwenyewe.

Mimi ni fundi cherehani, mtu wa Uvira niliyehamia mji huu wa ugenini, nakaa mtaa wa Bellevue kwenye nyumba ya zamani iliyogawanywa vyumba, na chumba changu, juu kabisa ya ngazi, kina kitanda, cherehani, meza na kiti kimoja. Jumamosi hiyo nilikuwa nimetoka kuugua wiki tatu, na kwa mara ya kwanza nikapata nguvu ya kupika chakula cha maana: ugali, sombe (majani ya muhogo) na samaki mzima. Nikaona mtu hawezi kula wema wa Mungu kimyakimya, maana siku hizi shukrani bila picha ni kama haijafika, basi nikapiga picha niiweke status. Lakini nilipoiangalia, ile sahani moja katikati ya meza ilinitia huzuni. Nikatoa sahani ya pili, na glasi ya pili, nikamgawa samaki, nikapiga tena, ikapendeza. Nikaandika chini yake, "Asante Bwana kwa wema wako," nikamrudisha samaki wote kwenye sahani yangu, nikala. Ile sahani nyingine niliiosha vilevile.

Sijamaliza hata kukausha vyombo, simu ikalia. Mama Furaha, kiongozi wa akina mama kanisani (ambaye ameniombea mke hadharani tangu nifike mji huu, tena akitaja na umri wangu), alikuwa ameandika: "Haleluya! Mungu awabariki nyinyi wawili."

Hapo nilipaswa kuandika kwamba niko peke yangu. Lakini kwetu baraka haikataliwi, mtu akikuombea jema unajibu amina kwanza na maswali baadaye, ukikataa wanakuona kama unamfungia Mungu mlango. Nikaandika "Amina." Baada ya dakika tano mwingine akaandika, "Mungu amlinde huyo mama aliyekupa." Amina. "Awape na watoto." Amina, maana hapo nilishaingia, natokea wapi? Kufika jioni nilikuwa na mke kamili, anatoka Uvira kama mimi, na amefika Alhamisi na basi (sijui nani alimpandisha hilo basi).

Na nitasema ukweli, nilifurahi. Simu yangu kwa kawaida inalia kwa watu wanaouliza suruali zao zimefikia wapi, na jioni ile watu walikuwa wananitakia mema, wengine wananiita baba, nikaacha iendelee hivyohivyo. Nikajiambia kesho baada ya ibada nitamvuta Mama Furaha pembeni nimweleze, tutacheka, yataisha.

Hayakungoja ibada iishe. Kwetu wakati wa shukrani mwenye shukrani hupita mbele akicheza na watu wake wakimsindikiza, na Mchungaji alishika maikrofoni akasema, "Ndugu Safari, pita mbele, na mama apite, tumuone." Miguu ikanifikisha mbele, ila roho niliiacha kwenye kiti. Kumbe akina mama walikuwa wameshajipanga, wamefungua vitenge vyao na kuvitandika chini kutoka mlangoni hadi mbele ili bibi harusi asikanyage sakafu (pindo la kimoja nilikuwa nimelishona mimi), simu zimeinuliwa, ngoma inapigwa, kanisa zima limegeukia mlango.

Na mlango ukafunguka.

Akaingia dada mmoja na begi mgongoni, amechelewa, hajui lolote. Vigelegele vilivyopigwa pale sijawahi kuvisikia. Mama Furaha akamshika mkono, mwingine akamfunga kitenge kiunoni, wakamtembeza juu ya vile vitambaa huku wanaimba, naye anatabasamu kwa adabu (nafikiri alidhani ndivyo tunavyopokea wageni wote), mpaka wakamfikisha kando yangu, na Mchungaji akampa maikrofoni ajitambulishe.

"Bwana asifiwe," alisema, kwa Kiswahili cha Kenya. "Mimi ni mwanafunzi, naishi hapo Braamfontein, leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuja hapa. Asanteni sana kwa makaribisho." Kisha akaniangalia. "Na huyu ndugu pia ni mgeni?"

Ngoma ikanyamaza. Mchungaji akaniuliza taratibu, "Ndugu Safari, bibi iko wapi?" Nikasema hakuna. Akasema, "Na ile sahani ya pili?" Nikasema zote mbili ni zangu. Maikrofoni ilikuwa bado wazi, kwa hiyo hata waliokuwa nje wanapika walisikia. Mtu mmoja nyuma akasema "eish", na kanisa likaangua kicheko. Kicheko ningekivumilia, lakini kiliisha haraka mno, na baada yake wakaanza kuniangalia kwa huruma. Nikatoka kwa mlango wa pembeni, nikapanda kwa miguu hadi Bellevue, na simu haikulia siku hiyo wala mbili zilizofuata.

Jumatano Mama Furaha akapiga. Nilijua ananipigia anicheke.

"Safari, mwezi yote ile hatukukuona kanisani. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naumwa, mama. Kifua. Wiki tatu."

"Na kwa grupu ya kanisa nikiuliza, ulikuwa unaandika uko salama."

"Ndiyo, mama."

"Unaweza kutudanganya uko na bibi, na hauwezi kutuambia unaumwa? Sisi tungekuja."

"Najua, mama," nikasema.

Lakini sikuwa najua. Nilikuwa nimelala wiki tatu nikiamini hakuna mtu atakayepanda zile ngazi kwa ajili yangu, na sikumpa hata mmoja wao nafasi ya kuzipanda. Aibu hiyo inaniuma kuliko ile ya vitenge.

Sijaweka tena picha ya chakula, na mtu akiniombea jema namuuliza kwanza anaomba kuhusu nini. Na nimeapa kwamba nikiugua tena nitawaambia, hata yakiwa mafua tu. Shida ni kwamba tangu siku ile niko mzima kabisa, namshukuru Mungu, ila kuna Jumamosi nyingine nimekaa peke yangu, na Mungu anisamehe, najikuta natulia nasikiliza kifua changu, kama hakijaanza kubana.