Nyongeza ya Fundi

Mtaa mzima ulimwita Fundi Nyongeza, na mwenyewe alilipokea jina hilo kama cheo. Mafundi wengine wa pikipiki nati ikikaza wanaacha. Yeye, nati ikishakaza, alitema mate pembeni, akapanua miguu, akaivuta mara moja zaidi huku akiguna, kisha akampigapiga mteja begani: "Hiyo ya mwisho zawadi yangu." Na wateja, jamani, walishukuru! Waliondoka wakisifu ukarimu wake, na nati ambazo siku ya kufunguliwa zilitaka nyundo, tindo na matusi. Zikigoma kufunguka, yeye husema, "Mnaona kazi yangu?" Zikikatika, basi ni chuma cha siku hizi, hakina adabu.

Hakuwa mtu mbaya. Ndivyo alivyokuwa kwa kila kitu. Akikuaga, hurudi mlangoni kukuaga tena. Akimwomba mkewe radhi, huomba vizuri kabisa, mke akaanza kulainika, halafu huchomekea kaneno kamoja, "Ila na wewe," ugomvi ukaanza upya. Mkewe alikuwa nesi.

"Hivi na mimi," alimwambia siku moja, "nikishampimia mgonjwa sindano nikamwongezea kidogo ya ukarimu, si ningeshaumaliza mtaa huu?"

"Watu si pikipiki," fundi akajibu.

"Bahati yao."

Sasa, nyumbani kwa mama mkwe kulikuwa na pikipiki ya marehemu baba mkwe. Kongwe hasa, tangi limebabuka rangi, imelala chini ya turubai tangu mzee azikwe. Mama mkwe sikio moja lilikuwa limekwisha kufa, la pili liko njiani. Akamwita mkwewe, akamkalisha upande wa sikio zima.

"Mwanangu, daktari kasema hili nalo halichukui muda. Nataka niisikie pikipiki ya mzee wako kabla sijawa kiziwi. Mara moja tu. Utaweza?"

"Kazi ndogo hiyo, mama." Angeishia hapo, ni nani angemdai zaidi? Lakini wapi! "Nitaifanya ingurume kuliko alivyoweza mzee mwenyewe."

Alimpenda sana mama huyu. Wakati baba mkwe alipokuwa akimwita "yule mchafu wa grisi", mama ndiye aliyesema mwacheni mtoto wa watu aoe. Kwa hiyo aliifungua injini ile kwa heshima zote. Akasafisha, akabadilisha vilivyokufa, akarudisha silinda mahali pake. Zikabaki nati nne za kichwa cha injini, zile zinazoshikilia kila kitu. Alumini ile ya zamani ni laini. Ukizidisha nguvu, nyuzi zinazong'ata bolti zinang'oka, na silinda nyingine ya aina ile haipatikani popote. Akakaza ya kwanza, akaipa nyongeza. Ya pili, nyongeza. Ya tatu, alipoguna tu, spana ikalainika mkononi ghafla, ikawa inazunguka bila kushika kitu.

Akakaa chini kwenye mafuta.

Wenzake wa gereji walikuja kutoa pole na mawaidha. Mmoja alisema ni joto. Mwingine alisema ni spana. Hakuna aliyesema ni mkono, maana wote walikuwa na mikono ya namna hiyo hiyo.

Fundi wa kukereza vyuma alimtobolea pale upya, akamtilia kikombe cha chuma chenye nyuzi mpya, akamrudishia kwa onyo: "Hapa pamebaki nyama ya mara moja tu. Ukipang'oa tena, silinda hii utanyweshea kuku." Akamwazima na spana ya kipimo, ile unayoitegea namba, nguvu ikifika inalia *ta!* na wewe unaacha.

Namba gani? Hapo ndipo utajua mtaa una wataalamu. Muuza spea alisema thelathini, kwa sababu thelathini haijawahi kumwangusha. Mzee mmoja mstaafu aliapa kwamba ni arobaini, yeye kaiendesha pikipiki hiyo maisha yake yote; alipobanwa, ikaonekana alipakizwa nyuma mara mbili. Kwenye kundi la simu la wapenzi wa pikipiki za zamani zilikuja kumi na nane na ishirini na tano, na wenye namba hizo wakatukaniana wazazi. Mtu mmoja aliuliza kwa upole, "Namba za kipimo kipi, maana vipo tofauti?" Akatolewa kwenye kundi kwa uchochezi.

"Dozi usiyoijua unaanza na ndogo," akasema nesi. "Tega kumi na nane, ya kipimo kidogo."

Fundi akajaribu kwanza kwenye bolti mbovu iliyobanwa mezani. Spana ikalia *ta!* na mkono ukaendelea na safari. Akajaribu tena. *Ta!* Mkono huo, unakwenda zake. Akautazama kama mkono wa jirani.

"Siwezi," akasema, akaiweka spana mezani. "Nitaimaliza, mke wangu. Nitamnyima mama yako kitu alichoniomba kwa mdomo wake."

"Kaa pale. Kalia mikono."

Akakalia mikono juu ya kreti la soda, gereji nzima ikimtazama. Nesi akazikausha nyuzi kwa kitambaa, akakaza kwa mshazari, hii kisha ya mkabala wake, raundi ya kwanza kidogo, ya pili kidogo, ya mwisho mpaka spana iseme. *Ta!* Anaacha. *Ta!* Anaacha. Kila ilipolia fundi aliumia, kama mtu anayeona chakula kinatolewa mezani kabla hajashiba.

Wakaisukuma mpaka uani kwa mama mkwe. Fundi akapiga kiki, mara ya tatu ikawaka. Ilinguruma vizuri, kavu, sawasawa, hata yeye akavimba kichwa akasahau nani aliyekaza. Mama mkwe akainamisha sikio lake zima. Akakunja uso.

"Ya nani hii?"

"Ya mzee, mama!" fundi akapaza sauti.

"Si yake. Ya mzee ilikuwa na kifua." Akaigiza kwa mdomo, *tss-koh, tss-koh*. "Nilikuwa naisikia toka kule konani."

Fundi akazima. Nesi alikuwa ameshika mdomo. "Ni kweli," akasema polepole. "Ilikuwa inapuliza hewa ubavuni. Baba alikuwa mvivu wa kukaza."

"Ule ulikuwa ugonjwa!" fundi akalalamika. "Nimeutibu!"

"Nirudishie," akasema mama mkwe.

Fundi alisimama pale na spana yake, jasho linamtoka. Kulegeza nati ya injini iliyo nzima, mbele ya watu, kwa mkono wake! Akamtazama mama mkwe, lile sikio bado limeinamishwa, linangoja. Akainama, akailegeza nati moja. Kidogo. Akasikiliza, akailegeza kidogo tena. Akapiga kiki.

*Tss-koh. Tss-koh. Tss-koh.*

Mama mkwe akakaa wima. Alijua vizuri kabisa mumewe amelala wapi; kaburi lile alilipalilia mwenyewe wiki iliyopita. Akamgeukia binti yake, akasema kwa sauti yake ya jioni zote zile:

"Mtengee baba yako maji ya kuoga. Ameshafika konani."

Fundi akashika mkono wa mafuta wa pikipiki taratibu, isije ikazima. Nesi akajifuta macho kwa kiwiko, akaingia jikoni, akabandika maji.