Kiti cha Kinyozi cha Mwalimu Swadiki

Mwalimu Swadiki hajagusa usukani wa ndege kwa miaka tisa, tangu macho yake yaingie ukungu. Ila hakuna mwanafunzi anayeletwa Arua kujifunza kurusha ndege kwa kutazama saa za vipimo na sindano zake tu, bila kuona nje, asiyepitia kwanza kwenye kiti chake. Ni kiti cha kinyozi, kile kinachozunguka, alichokinunua kwa kinyozi aliyefunga kazi na kukiweka katikati ya chumba cha mabati karibu na uwanja wa ndege. Mwanafunzi hufungwa kitambaa machoni, kiti huzungushwa polepole, kisha huulizwa: unageukia wapi?

Hapo ndipo majigambo huishia. Kiti kikisimama baada ya kuzunguka kulia, mwili huapa kwamba sasa unakwenda kushoto. Ndani ya wingu mwili hudanganya vivyo hivyo, na rubani anayeusadiki huilaza ndege mpaka ardhi imfikie. Zamani za jeshini, rafiki yake Ladu aliingia winguni juu ya Midia, huko Koboko. Neno lake la mwisho redioni lilikuwa, "Mimi najua niko wapi." Swadiki alisaidia kuchimba kaburi.

Basi Aidah, binti wa kijiji cha Ludara, alipojibu sawasawa mara sita kati ya sita, wenzake walipiga makofi. Swadiki hakupiga. Ndege ya mazoezi ilikuwa inaondoka Arua keshokutwa. Bila saini ya Swadiki kwenye kitabu cha mafunzo, Aidah angengoja mwaka mzima mpaka irudi, na alikuwa ameshangoja mmoja. Lakini mwili usiodanganyika Swadiki hakuwahi kuuona, na huu ulimtia hofu.

Mara ya saba alisogea karibu, akamtazama shingo. Kila kiti kilipozunguka, sikio la Aidah lilikuwa linatafuta kitu. Upande wa mlango, mashine ya kusaga ya jirani ilikuwa ikinguruma kama kila siku.

Swadiki akatoka mpaka kwa Emile, Mkongomani mwenye mashine.

"Zima kidogo."

"Mwalimu, watu iko na mihogo kwa laini."

"Dakika kumi tu. Maisha ya mutu iko hapa."

Emile akazima huku akinung'unika. Swadiki akarudi, akazungusha kiti kulia, akakisimamisha.

"Aidah, sasa iko nageuka wapi?"

Binti akageuza sikio huku na huku. "Kushoto, Mwalimu. Kushoto sana."

"Toa kitambaa."

Aliona kiti kimetulia tuli, akaishika mikono ya kiti kwa nguvu. Machozi yalimlenga.

"Nilikuwa nasikia mashine," akasema. "Kwetu Ludara, hata ukungu ikifunga njia, tunafuata sauti ya mashine mpaka sokoni. Sikujua hiyo iko mbaya."

"Kwenu iko mzuri. Huko juu hakuna Emile."

Akamfunga tena. Mara nne alimuuliza, mara nne binti akakosea, na kila mara alipofunuliwa uso alizidi kunywea. Ndipo Swadiki akavuta kitabu, akatia saini.

"Mwalimu, mimi nimeanguka."

"Ndiyo. Mutu hajaanguka kwa hiki kiti, mimi hapana tia saini."

Kesho yake asubuhi, siku moja kabla ndege haijaondoka, Aidah aliruka kuelekea Koboko, amevaa kofia yenye ukingo mpana unaoziba dirisha lote, na rubani Adriko ameketi kando yake kumlinda. Swadiki alibaki ukingoni mwa uwanja na redio ya mkononi. Aliisikiliza ndege mpaka mlio wake ukaisha, akangoja, akabonyeza kitufe.

"Aidah, iko nageuka wapi?"

Redio ilikwaruza.

"Mwili inasema kushoto, Mwalimu. Sindano inasema moja kwa moja. Mimi sijui. Nafuata sindano."

Swadiki akaketi kwenye nyasi na redio mapajani, akamlilia Ladu, jambo ambalo siku ya kumzika hakulifanya.