Friji ya Bia ya Mzee Clarrie

Mimi ndiye ninayepeleka barua na vifurushi kwenye mashamba ya kondoo huku kwetu, Jumanne na Ijumaa, na siku zote nimesema kwamba mtu anayekupa bia vuguvugu hakutakii mema. Mdomo huu! Laiti ningeufunga.

Mzee Clarrie Dunstan alikuwa fundi wa vinu vya upepo, vile vinavyovuta maji ya kondoo. Alikuwa na miaka sabini na moja, na badala ya kutulia akapanda kinu peke yake, akaanguka, mguu ukavunjika chini ya goti. Mwaka mzima mfupa ulikataa kuunga. Madaktari wa mjini Brisbane wakamchota mfupa kidogo nyongani, wakauchanganya na chembechembe nyeupe za mfupa bandia wa kiwandani, wakaziba pengo. Kisha wakampa homoni ya kuuchochea mfupa uote, ajidunge tumboni kila siku kwa miezi sita. Wakamwambia bila kumficha: safari hii usipounga tunakata mguu, na kule shambani peke yako hurudi.

Na Clarrie hakuwa na kwingine. Mkewe, Beryl, alizikwa nyuma ya banda la kunyolea kondoo. Jirani wa karibu alikuwa kilomita arobaini. Uso aliouona kila wiki ulikuwa huu wangu mbaya, basi.

Homoni nilimletea mimi, ikiwa ndani ya kalamu za sindano, kwenye kiboksi chenye barafu na karatasi ya maelezo. Friji ya jikoni ilishakufa zamani. Iliyobaki ni ile ya bia, barazani. Tukaziweka zile kalamu kando ya bia, nami nikafungua moja.

"Mzee, hii ni bia au chai?"

"Kunywa, we kijana mwenye mvi. Mdomo mrefu kuliko barabara."

"Ijumaa nikikuta vuguvugu tena, sikanyagi hapa. Naapa!"

Nilikuwa natania. Nikazungusha swichi ya baridi hadi mwisho, tukacheka. Tangu hapo bia za Clarrie ziliuma meno, na kila Ijumaa nilikaa kwake hadi jua linazama. Alinisimulia habari za Beryl, zilezile kila wiki. Sikumkatiza.

Mwezi wa tano wa sindano, nami nikiwapo, akaja nesi Maureen kwa ndege ya madaktari. Picha za mguu zilishapigwa mjini: mfupa haukuwa umeota hata kidogo. Akafungua friji, akatoa kalamu moja, akaitazama kwenye mwanga. Ndani ilikuwa barafu tupu.

"Clarrie, hii ikiganda haifai tena! Nani kaweka baridi namna hii?"

Nikafungua mdomo, Clarrie akaniwahi.

"Mimi. Uzee huo, dada. Sikusoma karatasi."

Mguu ukapangiwa kukatwa Jumatatu, na baada ya hapo nyumba ya wazee, mjini, mbali na njia yangu. Ijumaa ya kabla yake nilikwenda kumfungia mizigo pale barazani. Ilikuwa sanduku moja na picha ya Beryl.

"Mzee, ile swichi niliizungusha mimi," nikasema. "Wallahi sikujua. Nimekuponza."

"Najua ni wewe. Niko hapa siku zote, ningekosaje kujua?"

"Barafu uliiona lini?"

"Wiki ya pili. Nikawa naiyeyusha kiganjani, najidunga. Najipa moyo."

"Na karatasi?"

"Nimeisoma mara tatu. Kazi gani nyingine ninayo hapa?"

Hasira zikanipanda, sijui za kwake au za kwangu. "Sasa we mzee una wazimu? Mguu wako! Si ungerudisha swichi tu? Si ungeniambia?"

Clarrie alikuwa akifuta vumbi kwenye kioo cha ile picha kwa kidole gumba.

"Ulisema bia ikiwa vuguvugu hukanyagi tena."

"Nilikuwa natania, Clarrie! Utani tu!"

"Nilidhani hivyo," akasema. "Lakini sikuwa na hakika."

Akanyoosha mkono frijini, akanifungulia bia. Ilikuwa baridi mno. Niliishika mpaka ikawa vuguvugu, sikuweza kuinywa.