Herufi Iliyomshinda Baba

Baba yangu, Kasisi Ambrose Thackwell, alisoma Kiarabu miaka nenda miaka rudi bila kumsikia hata mtu mmoja akikisema. Alikipata vitabuni tu, hapa hapa Essex, ambako mgeni wa mbali kabisa ni mnunuzi wa sufu kutoka London. Kila asubuhi aliketi dirishani akitafsiri, wino mpaka kwenye ndevu, huku akikoroma kooni kuitafuta herufi ya ain.

"Kasisi leo kakwamwa na mfupa?" aliuliza Bi Ursula, muuza pombe wetu, akipita.

"Anasoma," nilimjibu.

"Haya! Basi kondoo wangu wote wasomi."

Nilimchukia mwanamke yule! Leo namkumbuka kwa mapenzi, maana hata kejeli zake ni za siku zile Baba alipokuwa hai.

Uzee ulipobisha hodi, hofu moja ilimnyima Baba raha.

"Dorcas mwanangu, je, kama hiki si Kiarabu? Kama nimejitungia lugha yangu mwenyewe?"

Mimi Kiarabu sikukijua. Lakini mnunuzi wa sufu alimjua mfanyabiashara wa Maroko aliyekuwa London, Bwana Bujemaa, anayekijua Kiingereza. Nikambembeleza amlete. Siku ya siku nikaficha nyama ya nguruwe darini, nikamwandalia mgeni mkate na jibini, naye akala kwa adabu, ingawa uso wake ulisema mengine.

Baba akaweka mkono juu ya kamusi aliyoitunga ujana wake wote. Akatamka sentensi moja ya Kiarabu. Nikamgeukia mgeni.

"Umemwelewa?" nikauliza.

"Nimemwelewa, dada. Amesema, 'Hili ndilo tumaini la maisha yangu.'"

Baba akaruka kitini. "Tumaini? Nimesema kazi! Amali!"

"Aa, mzee wangu. Amali ya kazi inaanza na ain, inatoka huku chini kooni. Wewe ain umeimeza. Ukiimeza, inakuwa tumaini."

Nilidhani Baba atavunjika moyo. Kumbe! Alicheka mpaka machozi yakalowesha ndevu, kwa sababu mtu hawezi kukosea lugha isiyokuwepo. Akanishika mabega, mzee yule, akanizungusha jikoni kama siku ya harusi.

"Umesikia, Dorcas? Nimekosea! Nimekosea!"