Breki Mpya za Mama

Juzi, nikishuka kuelekea Sagana nyuma ya lori, nilinusa breki zikiungua, nikakumbuka alasiri moja nilipokuwa mdogo.

Mama alikuwa dereva wa mbio za magari, na baba ndiye aliyekuwa fundi wake. Alasiri hiyo alikuwa amelifungia gari breki kubwa zaidi za mbele, na mama akaenda kuzijaribu kwenye mteremko wa kwetu Endarasha. Baba nami tulisimama langoni, amenishika mkono. Gari lilishuka likinguruma, likafunga breki, likakimbia tena, likafunga tena. Magurudumu ya mbele yakaanza kufuka moshi.

"Baba, gari ya mama inaungua!"

"Haiungui. Ngoja tu."

Mama alitupita bila kusimama, akapunga mkono. Nililia, nikidhani breki zimekataa na anatuaga.

Sasa najua breki mpya huchomwa hivyo makusudi ili zishike vizuri, kisha gari huachwa litembee mpaka zipoe, kwa sababu ukisimama zikiwa moto unaziharibu. Baba alijua hayo yote siku ile. Hata hivyo, mpaka mama aliporudi polepole na kuzima injini, baba alikuwa ameviminya vidole vyangu hadi vikafa ganzi.