Mafundo ya Kitenge cha Mama

Kila ninapoingia duka la vitenge na pua yangu ikakutana na ile harufu ya kitambaa kipya, harufu ya wanga na rangi, mkono wangu hushuka wenyewe kiunoni kutafuta fundo. Halipo, maana siku hizi nabeba mkoba kama watu wengine. Lakini mkono haujasahau.

Mama aliuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, katika soko la Baraka, miaka ile tulipokuwa bado Wazaire. Fedha zake zote ziliishi kwenye pembe za kitenge chake. Palikuwa na fundo la chumvi, fundo la sabuni, fundo la dawa, na moja lililokaa karibu na tumbo ambalo hakutuambia lilikuwa la nini. Aliyakaza kwa meno. Akitaka kununua kitu, alisimama mbele ya muuzaji, akainama, akang'ata, akavuta, akapumzika, akaanza tena. Mara nyingi, katikati ya kazi hiyo, aliinua kichwa, akakitazama tena kile kitu, akasema, "Acha tu, papa. Nitarudia siku ingine." Hakurudi.

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Wachuuzi walimjua. "Sitwayene," walimtania, kwa jina waliloitwa wanawake wote enzi zile za Zaire, "banki yako inafunguka saa ngapi?" Mama alicheka nao. Mimi nilijiapiza kwamba nikikua sitang'ata fedha zangu mbele ya watu.

Nilikuwa na miaka kama kumi, shule karibu kufunguliwa, Mama aliponituma kununua kitambaa cha sare, bluu ya sketi na nyeupe ya blauzi. Samaki wake walikuwa wameanikwa na mawingu yalikuwa yanakusanyika, asingeweza kuwaacha. Alizifunga fedha kwenye pembe ya kitenge changu, akakaza kwa meno.

"Riziki, usifungule hii fasi ingine. Kwa muntu wa nguo tu."

Kwenye kona ya kwanza nilisimama nyuma ya ukuta nikalifungua, nikalifunga upya kwa ulegevu. Lilikuwa fundo la kistaarabu kabisa, la vidole viwili.

Kabla ya kufika kwa muuza nguo, nilimkuta mtu ametandika mkeka wa vitu kutoka Bujumbura: vitana, shanga, sabuni za kunukia, na kioo kidogo cha duara chenye ua jekundu mgongoni. Nilikishika, nikajiona, nikajipenda. Vidole viwili, fundo likafunguka. Nikanunua na biskuti. Nikanunua na shanga za mdogo wangu, ili dhambi tugawane. Nilipofika kwa muuza nguo, zilizobaki hazikutosha hata sketi.

Nilirudi nyumbani nikilia kabla sijaulizwa. Mama alikitazama kioo, akanitazama mimi, akakaa kwenye mchanga. Nilisubiri kofi.

"Bila nguo ya masomo, batakurudisha ku nyumba," alisema polepole.

Alisema kweli. Watoto wasio na sare walirudishwa, na wengine hatukuwaona tena darasani. Basi akaliinamia lile fundo la karibu na tumbo. Lilikuwa limekaa siku nyingi hata meno yalishindwa, akaenda kuazima sindano ya kushonea nyavu. Ilichukua muda mrefu. Nilitamani asimame katikati, kama kawaida yake, aseme acha tu. Hakusimama.

Noeli ilipofika nikajua lilikuwa la nini. Asubuhi ile Mama aliniomba kioo changu. Alijitazama sana, akanyoosha kilemba chake. "Iko kioo ya muzuri," alisema, bila kejeli hata kidogo. Kanisani kina mama wengine wote wa kwaya walitokea katika kitenge kimoja cha kijani, walichokubaliana tangu mwanzo wa mwaka. Mama alisimama mstari wa nyuma, peke yake katika kitenge chake cha kila siku, akaimba kwa sauti kubwa kuliko wote. Mimi nilikuwa nimevaa sare ya shule, kwa kuwa ndiyo nguo nzuri niliyokuwa nayo. Nilitaka kuivua palepale.

Kwa miaka mingi niliamini Mama hakutamani vitu. Juzi nilimwambia hivyo, akacheka mpaka akakohoa.

"Mi? Ile soko yote nilikuwa natamani! Mbele we uzaliwe, nilimaliza feza ya baba yako yote ku marashi na vioo. Njo nikaanza kukaza. Kama fundo iko nguvu, unapata wakati ya kujiuliza."

Nikamuuliza kama anakikumbuka kile kitenge cha kwaya.

"Ilikuwa na maua kidogo ya manjano," alisema, "na ku pembeni, ndege mbili."

Ndiyo maana bado naingia madukani humo. Navishika vitenge vingi, navisifu, navirudisha. Natafuta cha kijani, chenye ndege wawili pembeni.