Ukimya Nilioukata

Meneja wa redio yetu hapa Garissa aliniomba nihamishe sauti kutoka programu ya zamani ya kurekodi hadi mpya. Heri ningekataa. Maswali yangu yalikuwa kwenye faili moja, majibu ya rafiki yangu Abdi, mfugaji, kwenye nyingine. Nilikata ukimya wa mwanzo wa kila faili, nikijiona fundi; kumbe wa Abdi ulikuwa mrefu, wa kusikiliza swali langu la kwanza. Majibu yakayatangulia maswali yake.

Hewani sauti yangu ikauliza, “Nani huiba ngamia wenu?”

“Shemeji zangu, Mungu awabariki.”

Hilo lilikuwa jibu la swali lililofuata, la nani alichimba kisima.

Simu ya kwanza ilikuwa ya Abdi. “Wallahi, Hassan, mke wangu anafunga mizigo.”

Mkewe alirudi. Mimi namsalimia Abdi msikitini, haitikii. Nimempoteza rafiki wa utotoni.